Nilikula Chakula cha Mama

Wapendwa, nawasalimu katika jina la Yesu, ambaye amenipa miguu ya kusimama hapa leo. Na kwa wale wa nyumbani, kwa Kigogo chetu, mbukwenyi. Mchungaji ndiye aliyeniambia niandike kisha nisome. Ananijua. Mimi ni mwalimu wa chuo. Nikishika kipaza sauti bila karatasi nitaanzia kwenye uumbaji wa dunia, na mtatoka humu jua limezama mkiwa hamjasikia nilichokuja kukiri.

Nilichokuja kukiri ni kwamba nilikula chakula cha mama yangu mgonjwa, akakaribia kufa, halafu nikamwacha mke wangu abebe lawama kwa siku nne. Nimelitanguliza hilo kwa sababu baadhi yenu mmeniona nimepungua, na mmekuja mkidhani mtasikia habari za mtu aliyepunguza kilo. Kilo nitazitaja, lakini haya sikuyaandika kwa ajili ya kilo.

Ndugu zangu, nilianza kula kwa kujificha nikiwa mtu mzima mwenye shahada. Utotoni nisingeweza, maana hakukuwa na kitu cha kujificha nacho. Nilizaliwa kijijini huku huku kwetu, nikakulia kwenye ugali wa uwele na mlenda, na mvua zikikataa tulikula mlenda peke yake. Nilipofika chuo kikuu nikakuta mahali mtu anachota wali na hakuna anayemhesabia matonge, nilihisi nimevuka Yordani. Wenzangu pale walianza pombe, wengine wasichana. Mimi nikaanza wali, na nikajiona mtakatifu.

Tasnifu yangu iliandikwa juu ya njaa katika vijiji vya uwanda wa kati. Sitanii. Niliiandika nikiwa na bakuli la karanga upande wa kushoto na chapati upande wa kulia, na nilipofika kwenye sura inayoeleza jinsi familia zilivyogawana chakula kidogo, nilisimama mara tatu kwenda kuongeza. Msimamizi wangu aliisifu sura hiyo. Alisema imeandikwa kwa hisia.

Miaka ikaenda. Nikaoa, nikapata kazi, nikajenga nyumba Mkonze, nikanunua gari. Gari lile ndilo lililonimaliza, kwa sababu lilikuwa chumba chenye mlango ninaoweza kuufunga. Nikitoka kazini nilipitia Chang'ombe, kwenye kibanda kimoja cha chipsi. Nilikuwa naagiza chipsi mayai tatu na kuku nusu, kisha naomba njiti nne za kulia chipsi, ili muuzaji aone kuna watu wananisubiri. Siku moja akaniuliza, "Mwalimu, hao wenzako mbona hawashukagi?"

Nikamwambia wana aibu.

Nilikula ndani ya gari, vioo vimepandishwa, kwenye jua la saa tisa, natokwa jasho kama mtu anayelima. Mifuko na makaratasi nilikuwa nayashindilia kwenye buti, kwenye lile shimo la tairi la akiba. Halafu nafika nyumbani, mke wangu, Mama Upendo, ananitengea chakula, na ninakula tena, maana nisipokula ataniuliza nimekula wapi.

Msidhani ilikuwa raha. Tonge la kwanza lilikuwa na ladha. Kuanzia la tano sikuonja kitu. Nilikuwa nakula ili nifike mahali ambapo kichwa kinanyamaza, na kila mwaka mahali hapo palisogea mbele kidogo. Sahani iliyotosha mwaka huu haikutosha mwaka uliofuata. Nilikuwa naapa asubuhi nikipiga mswaki, na saa nne kiapo kimeshavunjika. Nilipanga safari zangu kwa kufuata vibanda. Nilidanganya watu wanaonipenda kuhusu vitu vidogo kabisa, kama vile nani amemaliza maandazi. Kama ningekuwa nawasimulia habari za gongo, kila mmoja humu angejua jina la ugonjwa huo tangu sentensi ya pili. Lakini kwa kuwa zilikuwa chapati, mlisema nimenawiri. Nilifika kilo mia moja thelathini na mbili, nanyi mkasema ndoa imenikubali.

Na hapa kanisa letu lina sehemu yake. Naomba mnisikilize bila kununa.

Mlinichagua kuwa mwenyekiti wa kamati ya maombi na kufunga. Nilikubali, na sikukubali kwa unafiki tu. Kufunga niliweza kweli. Mimi niliweza kutokula kabisa, na niliweza kula bila kukoma. Kilichonishinda ni sahani moja. Tukifunga siku saba, nilifunga siku saba, na mlinipa heshima. Hamkujua kwamba kufikia siku ya tano nilikuwa siombi tena. Nilikuwa nimepiga magoti, macho nimeyafumba, napanga nitaanza na nini, nitafuatisha nini, na nitapitia kibanda gani kabla ya kufika nyumbani. Dada mmoja wa kwaya aliwahi kusema mbele ya watu, "Mtumishi anafunga hivi na hapungui, kweli hii ni neema." Nikaitikia amina.

Kila mfungo uliniacha na njaa kubwa kuliko ule uliotangulia. Mwenye ulevi wa kula akifungishwa, ni kama mtu aliyevuta manati. Mlikuwa mnaona ninavyovuta. Hamkuwahi kuona jiwe linapokwenda.

Mwaka juzi mama yangu alipatikana na sukari, tukamleta kutoka kijijini akae nasi. Ni mama wa watu wengi humu, mnamfahamu: mfupi, mkavu, haongei sana. Mke wangu alifundishwa kliniki namna ya kumchoma sindano, na muuguzi akamweleza mama mwenyewe kwa Kigogo, taratibu, ili asije akasema hakuelewa: sindano ikishaingia, lazima ule. Usipokula, sukari inashuka na inaweza kukuua. Mama alirudia maneno hayo kama mtoto wa katekisimu. Nilikuwepo. Nilisikia akiyarudia.

Basi ikaja ile wiki tuliyofunga kuombea mvua. Tulimaliza Ijumaa. Jumamosi asubuhi niliamka kabla ya wote nikala mkate mzima nikiwa nimesimama jikoni. Mama Upendo akaamka, akamchoma mama sindano, akamwandalia chakula chake kwenye hotpoti: viazi vitamu viwili, mayai mawili ya kuchemsha, na uji wa uwele kwenye chupa. Alikuwa anawahi kikao cha kina mama hapa kanisani. Akiwa mlangoni akaniambia, "Baba Upendo, mama nimeshamchoma. Chakula kiko tayari, mpelekee sasa hivi, usichelewe."

Nikasema, "Sawa, nenda tu."

Mama alikuwa nje, ameketi juani kwenye mkeka, anabambua karanga. Nikampelekea. Nikakaa kwenye kigoda karibu yake, nikafungua hotpoti nimwekee kwenye sahani. Mvuke wa viazi ukanipiga usoni. Nikakata kipande kidogo, nikajiambia naangalia kama kimeiva.

Ndugu zangu, nimejaribu mara nyingi kukumbuka ni wakati gani niliamua. Sioni. Nakumbuka kipande kile, halafu nakumbuka hotpoti ikiwa tupu na ganda la yai likiwa limenata kidoleni. Na nakumbuka mama akinitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananitazama kama unavyomtazama mtoto mwenye homa.

Nikasema, "Mama, nisamehe, nakuletea kingine sasa hivi."

Akanisogezea na chupa ya uji. "Kunywa, mwanangu. Mimi nimeshiba."

Neno hilo mimi nalijua. Mwaka mmoja nikiwa na umri wa kama miaka saba, mvua zilikataa kabisa, na mama alikuwa anapika kinachotosha watoto wawili, mimi na dada yangu Eliza. Anatutengea, anakaa pembeni, anasema ameshiba. Tuliamini. Nilikuwa mtu mzima, naandika ile tasnifu, ndipo nilipoelewa kwamba mama zetu wote wa upande huu waliutumia uongo huo huo mmoja. Niliuweka kwenye sura yangu, ile yenye hisia. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba asubuhi ile sikuelewa. Mama hakuwa ameshiba. Alikuwa hajaweka kitu mdomoni tangu jana yake jioni, na sindano ilikuwa tayari mwilini. Aliona mtoto wake ana njaa, akafanya alichozoea kufanya.

Na mimi nikanywa uji.

Kisha nikatoka mbio kumnunulia kitu. Kuna mama lishe si mbali na kwetu. Nikanunua chapati tatu na maharage. Nikarudi nazo mpaka kwenye nyumba moja isiyoezekwa, karibu na kwetu, nikaingia nyuma ya ukuta wake, nikala chapati moja. Zilipobaki mbili niliona aibu kumpelekea mama mbili, nikajiambia bora nile hizi kisha nirudi nikanunue nyingine nzima. Najua mnavyoniangalia. Mimi mwenyewe nikiisoma hesabu hiyo hapa naiona ni ya mwendawazimu. Pale ukutani ilikuwa na mantiki kamili. Nilirudi kwa yule mama lishe mara mbili.

Nilipofika nyumbani na chapati moja kwenye karatasi, zaidi ya saa nzima ilikuwa imepita. Mama alikuwa amelala ubavu juu ya karanga zake. Nguo imelowa jasho. Macho yako wazi, hanioni. Nilimwita, akatoa sauti ambayo sitaiandika.

Nilimpeleka hospitali kwa gari lile lile, na lilikuwa linanuka chipsi.

Daktari alimpima, akaagiza dripu haraka, kisha akanigeukia. "Sukari imeshuka mno. Alikula nini baada ya sindano?"

Swali jepesi. Nimesahihisha mitihani miaka ishirini, sijawahi kuona swali jepesi kama lile. Nikajibu, "Sijui, daktari. Mke wangu ndiye anayemhudumia."

Hapo ndipo dhambi yenyewe ilipoanzia. Ya viazi ilikuwa ugonjwa na dhambi vimechanganyika, na sijui kuvitenganisha. Lakini ile sentensi niliitamka nikiwa na akili zangu zote.

Eliza alifika kutoka Chang'ombe anahema. Hakuniuliza mimi kitu. Alimfuata Mama Upendo, ambaye alikuja moja kwa moja kutoka kwenye kikao, kitenge cha kina mama bado kiko kiunoni. "Wifi, sindano ulichoma wewe?"

"Nilichoma mimi."

"Ulichoma ngapi?"

"Zile zile za kila siku, wifi."

"Una hakika?"

Mke wangu akasema ana hakika. Jioni aliulizwa tena na shangazi, akasema anadhani ana hakika. Kesho yake, baada ya watu wengi kuuliza, alikuwa ameshika bomba tupu la sindano karibu na dirisha, analigeuza, anasoma alama zake kwa sauti ya chini. Akaniambia, "Baba Upendo, hivi macho yangu yako sawa kweli? Labda nilisoma vibaya." Alikuwa anauliza kwa dhati. Nikamwambia asijisumbue, yote ni mipango ya Mungu. Nililitumia jina la Mungu hivyo, wapendwa, huku mfukoni nina sambusa.

Chakula alichoacha mke wangu, nani alikila? Hakuna aliyeuliza, kwa sababu hotpoti ilikuwa tupu, na kila mtu aliona hiyo ni dalili kwamba mama alikula. Ikabaki kosa moja tu linalowezekana: mkono wa mkwe. Eliza akamkataza asimguse mama. Kule wodini Mama Upendo alikuwa anakaa kwenye benchi la nje, na wageni walioleta vyakula walimpita wakanikabidhi mimi. Nilivila. Siku zote nne nilivila.

Mama alikuwa hai, lakini hakuzungumza, na hatukujua kama atazungumza tena.

Jumanne baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, akaitisha kikao cha familia nyumbani kwetu. Tulikaa sebuleni, watu kama kumi na wawili. Kuku alikuwa ameshapikwa, maana kikao kwetu hakiishi bila watu kula pamoja. Mama Upendo hakukaa kwenye kiti. Alitandika mkeka akaketi chini mbele ya wazee, miguu ameikunja, akaanza kusema kwa sauti ndogo, "Baba, na ninyi wote, naomba mnisamehe. Mimi nakumbuka nilichoma sawasawa. Lakini kama mnaona ni mkono wangu, basi huenda ni mkono wangu." Mke wangu kwao ni Busi, Kondoa. Hakuwa na ndugu hata mmoja kwenye chumba kile isipokuwa mimi.

Nataka mjue nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa nasikia harufu ya kuku kutoka jikoni, na nilikuwa namsubiri amalize ili chakula kiletwe.

Nililiona wazo hilo. Siwezi kueleza vizuri zaidi ya hapo. Miaka yote lilikuwa linapita kama upepo. Siku ile lilisimama katikati ya chumba nikaliona sura yake. Mke wangu yuko chini anaungama kosa langu, na moyo wangu unauliza paja litakuwa la nani. Ninaamini, na nitaamini mpaka nife, kwamba macho niliyoonea hayakuwa yangu. Bwana aliniazima yake kwa muda mfupi, na kwa kweli sikuomba aniongezee.

Nikasema, "Hakuchoma vibaya. Mimi nilikula chakula cha mama."

Baba mdogo akaweka mkono sikioni. "Umesemaje?"

"Chakula alichoandaliwa baada ya sindano. Nilikila mimi. Chote, na uji."

"Kwani humu ndani hakuna chakula?"

"Kipo, baba."

"Ulikuwa hujala?"

"Nilikuwa nimekula."

"Sasa?"

Nina shahada tatu, ndugu zangu, na sikuwa na jibu la swali hilo.

Eliza akacheka, kicheko kibaya. "Kaka, acha. Tunajua unamkingia mkeo. Mtu mzima na heshima zako, mwenyekiti wa kufunga, ukale viazi vya mgonjwa?" Na nikaona wanamwamini yeye. Mume mwema anajitwisha kosa la mkewe. Hilo liliwaingia akilini. Ukweli haukuwaingia. Nikiwa nimeshausema, ulikuwa unanirudia kama sifa, na Mungu anisamehe, kwa muda mfupi nilishawishika kuupokea.

Nikanyanyuka nikawaambia wanifuate nje. Nikafungua buti la gari, nikainua zulia, nikatoa tairi la akiba. Mifuko ilifurika yenyewe. Mingine ilikuwa na mafuta yaliyoganda, mingine mifupa, njiti zilizofungwa nne nne, na wadudu wakatawanyika kwenye mwanga. Baba mdogo alirudi nyuma hatua moja akafunika pua. Eliza alitazama shimo lile, akanitazama tumbo, kisha akageuka kumtafuta wifi yake.

Mama Upendo alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia. Aliingia ndani, akafunga nguo zake chache, na jioni ile ile alipanda basi kwenda kwao.

Kuku hakuliwa. Nilitamani kumla, nisiwafiche.

Mzee Lameck alikuja siku mbili baadaye. Wote mnamjua, mzee wa kanisa letu, na mnajua kwamba pombe ilimtoa kwenye nyumba mbili kabla Bwana hajamwokota. Hakuja na Biblia wazi. Alikaa kitini, akasema, "Mwalimu, mimi na wewe ni walevi. Tena mimi nina nafuu. Mimi chupa nimeiweka chini, nimeondoka. Wewe chupa yako unatakiwa uifungue mara tatu kila siku, unywe funda moja, uifunike."

Nikamuuliza, "Sasa mtu anawezaje?"

"Peke yake hawezi. Ndiyo maana nimekuja saa ya chakula cha mchana. Kuna nini humu?"

Tukapika ugali, yeye na mimi, wanaume wawili ambao hatukujua chumvi ilikuwa wapi. Akanitengea sahani moja, nikala mbele yake, na ilipoisha alikaa nami wakati mwili unapiga kelele. Ulipiga kelele kama nusu saa. Aliimba pambio, vibaya sana, mpaka ukatulia. Alikuja kesho yake pia. Alikuja kwa miezi.

Nilikwenda kliniki nikamweleza muuguzi yule yule aliyemfundisha mama. Nilitegemea anipandishe kwenye mzani anikemee. Aliniuliza kwanza nakula nikiwa wapi, na nani yuko nami. Akaniambia kitu ninachotaka mkishike: kuna watu wanene wasio na utumwa huu hata kidogo, ndivyo miili yao ilivyo, na kuna wembamba wanaokula kwa kujificha kisha wanajitapisha, hakuna anayewashuku. Kwangu unene ulikuwa moshi. Mlikuwa mnaubishania moshi, wengine mkiusifu na wengine mkiucheka, na mimi nikijaribu kuupunguza kwa kufunga huku moto ukiwaka vile vile. Kwa hiyo nawaomba, msinisifu kwa kilo thelathini nilizopunguza. Naweza kuzirudisha. Na msimtazame dada aliyekaa karibu nanyi mkaanza kupima viuno vyake kwa ushuhuda wangu.

Mama alirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Amepona nusu. Maneno yanamkimbia, ananiita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani, na mkono wa kulia hausikii vizuri. Siku moja alipokuwa na akili timamu nilipiga magoti nikamwambia kila kitu. Alisikiliza. Kisha akasema polepole, kwa Kigogo, kwamba alijua ile sindano inataka chakula. Alijua. "Lakini ulikuwa unakula kama mtu atakayekufa," akasema, "nikaogopa kukunyang'anya."

Hilo sitalipona, ndugu zangu, na sidhani Bwana anataka nilipone.

Mama Upendo alikaa Busi miezi mitatu, akarudi. Yuko hapa leo, mstari wa tatu, na ameniruhusu kusema haya. Aliniambia, "La viazi nimekusamehe, maana ulikuwa mgonjwa. La kuniacha nikae kwenye mkeka ule, bado naliombea." Simharakishi. Sindano hawezi kuishika tena, kwa hiyo nachoma mimi. Kumlisha mama ni kazi yake yeye au ya Eliza. Bado sijaaminiwa na chakula cha mama yangu, na sijaomba kuaminiwa.

Sasa mtaniuliza, wokovu uko wapi? Mtu aliyefunguliwa si anapaswa kuruka ruka? Mimi nimeanguka mara tano tangu siku ile, na mara zote tano nimemwambia mtu kabla jua halijazama. Huo ndio muujiza wangu. Miaka ishirini sikuweza kumwambia mwanadamu yeyote nimekula andazi. Leo nimewaambia mia mbili kwa mpigo. Njaa bado ipo. Uongo umekatwa kichwa, na njaa isiyo na uongo wa kujifunika nimeona inachoka mapema. Namshukuru Mungu kwa hilo. Namshukuru kwa uhai wa mama, hata huu wa nusu. Namshukuru kwa mwanamke anayeniombea jambo ambalo ningekuwa mimi ningeshalifungia virago.

Kamati ya kufunga nimeirudisha kwa Mchungaji. Badala yake, kila Jumatano saa kumi, mimi na Mzee Lameck tunakaa kwenye darasa la watoto wa Sunday School, kwenye vile viti vifupi, magoti yakigusa kidevu. Hatuna mzani. Hatuna orodha ya vyakula. Kama upo humu na una shimo lako la kuficha mifuko, iwe kwenye buti, uvunguni au kwenye droo ya ofisini, mwembamba au mnene, nakuomba usiende kufunga siku saba. Usimwahidi Mungu kitu chochote. Njoo ukae, useme ulikula nini na ulimdanganya nani. Yeye aliyenisikia nikiwa sina jibu atakusikia na wewe.

Wiki iliyopita tulikuwa watatu. Kiti cha nne kipo.